Mlima Kwanza, Fremu Baadaye

Anayenunua kwa mara ya kwanza baiskeli ya mbio, yaani baiskeli nyepesi ya barabara ya lami yenye usukani uliopinda kuelekea chini na matairi membamba, kwa kawaida huanza kwa kuuliza fremu yake imetengenezwa kwa kitu gani, na muuzaji naye hulipokea swali hilo kwa furaha kwa sababu ndilo linalozipanga bei dukani kuliko jingine lolote. Swali hilo ni halali, na sehemu kubwa ya sura hii italijibu. Hata hivyo, hoja inayotetewa hapa ni kwamba linapaswa kuja la pili, baada ya mnunuzi kujua atapanda milima ya namna gani na miguu yake ina nguvu kiasi gani, kwa maana fremu iliyozidiwa kidogo kwa ubora humchelewesha mwendeshaji kwa sekunde, ilhali gia zisizomfaa humlazimisha ashuke njiani aikokote baiskeli, au, jambo lililo baya zaidi, humwacha akikanyaga kwa nguvu kupita kiasi hadi magoti yaharibike.

Gia ya baiskeli ni uwiano wa meno. Pedali zinapozungushwa, sproketi ya mbele, ambayo ni gurudumu la meno lililofungwa kwenye krenki, yaani mikono inayobeba pedali, huivuta cheni, nayo cheni huzungusha sproketi mojawapo kati ya zile za nyuma, ambazo zimepangwa pamoja katika fungu liitwalo kaseti. Meno ya mbele yakigawanywa kwa meno ya nyuma hupatikana idadi ya mara ambazo gurudumu la nyuma huzunguka kwa kila mzunguko mmoja wa pedali, na kwa kuwa mzingo wa gurudumu la kawaida la baiskeli ya mbio pamoja na tairi lake ni takriban meta 2.1, mtu akizidisha uwiano huo kwa 2.1 atajua baiskeli husogea umbali gani kila pedali zinapokamilisha mzunguko. Meno 50 mbele na 11 nyuma hutoa meta 9.5, ambayo ni gia ya kuteremkia. Meno 34 mbele na 34 nyuma hutoa meta 2.1, ambayo ni gia ya kupandia mlima mkali bila kuhema kupita kiasi.

Uwezo huu wa kuchagua haukupokelewa kwa mikono miwili. Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, alipinga kwa miaka mingi matumizi ya kibadilishi gia, kile chombo kinachoihamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, akiamini kwamba ushindi lazima utokane na misuli, wala si na mitambo. Washindani walikuwa na sproketi moja kila upande wa gurudumu la nyuma, na walipofika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza na kulifunga tena kabla ya kuendelea. Vibadilishi gia viliruhusiwa kwa washindani wote mwaka 1937, lakini mabaki ya fikra ile yapo hadi leo katika vikundi vingi vya waendeshaji, ambamo sproketi kubwa ya nyuma huhesabiwa kuwa dalili ya unyonge. Fikra hiyo imewagharimu wanunuzi wengi, na inafaa ijibiwe kwa hesabu.

Achukuliwe mwendeshaji wa kilo 70 ambaye baiskeli yake pamoja na chupa za maji na vifaa vya kuzibia pancha vina kilo 10, naye anapanda barabara yenye mwinuko wa asilimia 8, maana yake ni kwamba kila anaposonga meta 100 anainuka meta 8. Akiwa na sproketi ya meno 39 mbele na 25 nyuma, mpangilio uliokuwa wa kawaida kabisa katika baiskeli za mashindano za miaka ya 1990, kila mzunguko wa pedali humsogeza karibu meta 3.3, na akitaka kukanyaga mizunguko 70 kwa dakika, kasi ambayo bado ni rafiki kwa viungo, atalazimika kwenda karibu kilometa 14 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kushinda nguvu ya uvutano peke yake kunahitaji karibu wati 240, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida, anayeendesha siku chache kwa wiki, kwa kawaida anaweza kudumisha wati 150 hadi 200 kwa saa nzima. Kwa hiyo huyu hataweza kukanyaga mizunguko 70, bali atashuka hadi 45 au 50, akisukuma kila pedali kwa uzito wa mwili wake wote. Mtu huyohuyo akipewa meno 34 mbele na 34 nyuma, mizunguko 70 itampeleka kilometa 8.8 kwa saa na kumdai wati kama 155 kwa uvutano, kiasi ambacho anacho. Misuli yake ni ileile na mlima ni uleule, lakini sasa atafika juu akiwa bado na nguvu ya kuendelea na safari.

Kipingamizi kinachotolewa mara nyingi ni kwamba kaseti pana, yenye sproketi ndogo sana na kubwa sana, huacha mapengo kati ya gia, hivyo mwendeshaji kwenye tambarare hukosa gia inayolingana na kasi yake. Kipingamizi hiki kina ukweli, lakini ukweli wenyewe ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Kaseti ya Shimano ya sproketi 11 yenye meno 11 hadi 28 imepangwa hivi: 11, 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 23, 25, 28. Ile ya 11 hadi 34 imepangwa 11, 13, 15, 17, 19, 21, 23, 25, 27, 30, 34. Anayezilinganisha kwa makini ataona kwamba kuanzia sproketi ya meno 15 hadi ya meno 25 kaseti hizo mbili zinafanana jino kwa jino, na kilichopotea katika ile pana kwa upande wa sproketi ndogo ni zile za meno 12 na 14 tu. Mwenye sproketi ya mbele ya meno 50 anayekanyaga mizunguko 90 kwa dakika huhitaji sproketi ya nyuma ya meno 15 anapokaribia kilometa 38 kwa saa. Kwa hiyo pengo hilo humgusa tu yule anayekwenda kasi zaidi ya hapo, na wanaoweza kuidumisha kasi hiyo kwenye tambarare bila kujificha nyuma ya wenzao ni wachache, nao kwa kawaida huwa wanashindana tayari. Kwa wengine wote, mpangilio wa sproketi mbili za mbele, ya meno 50 na ya meno 34, pamoja na kaseti ya 11 hadi 32 au 34 nyuma hauwapunguzii chochote wanachokitumia, na huwaongezea kile wanachokikosa mlimani.

Mji wa Kigali ulilionyesha jambo hili mbele ya dunia nzima mwezi Septemba 2025, ulipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilometa 267.5 na jumla ya mpando uliozidi meta 5,000, na ndani yake mlikuwa na mpando wa Kimihurura, ulio mfupi lakini uliotandikwa mawe, ambapo gurudumu la nyuma huteleza iwapo mwendeshaji anasukuma pedali kwa vishindo badala ya kuzizungusha kwa ulaini. Hata watu wenye miguu yenye nguvu kuliko wote duniani hawaendi tena katika milima ya namna hiyo na sproketi za meno 23 kama walivyofanya watangulizi wao. Basi mkazi wa Iten anayepanda kutoka Bonde la Kerio kupitia Tambach, au wa Tanga anayetoka Mombo kwenda Lushoto, hana sababu ya kuona haya kutaka sproketi ya meno 34. Anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja na asiyetoka mara nyingi kwenye ukanda wa pwani anaweza kuridhika na kaseti nyembamba zaidi, kwani adui yake ni upepo wa baharini, na dhidi ya upepo hatua ndogo kati ya gia husaidia kuliko gia moja nyepesi mno.

Mtu akishajua gia anazozihitaji, ndipo suala la fremu linapopata mahali pake. Fremu ya baiskeli ya mbio kimsingi ni pembetatu mbili za mabomba zilizogusana, na pembetatu ina sifa ya kutobadilika umbo isipokuwa mmoja wa pande zake umebadilika urefu. Ndiyo maana fremu, iwe ya kitu chochote, hunepa kidogo mno kwa wima mwendeshaji anapopita juu ya shimo. Tairi la upana wa milimeta 28 lililojazwa upepo kwa kiasi hubonyea milimeta kadhaa, wakati fremu yenyewe kwa kawaida haifikishi hata milimeta moja. Sifa nyingi za ulaini zinazopewa chuma na lawama nyingi za ukali zinazobebeshwa alumini zilipaswa kupelekwa kwenye matairi, na mnunuzi anayesumbuliwa na mtikisiko wa barabara chakavu atapata nafuu kubwa na ya bei ndogo kwa kuhakikisha kwamba fremu na uma wa mbele vina nafasi ya kupitisha tairi la milimeta 28, au bora zaidi 32.

Vitu vinne hutumika kutengeneza fremu za leo: chuma, alumini, titani na nyuzi za kaboni. Ili kuvilinganisha ni lazima kutenganisha sifa mbili ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Ukakamavu ni uwezo wa kitu kukataa kupinda kinapobebeshwa mzigo. Uimara ni uwezo wake wa kukataa kuvunjika, au kubaki kimepinda baada ya mzigo kuondolewa. Sentimeta moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, ya titani gramu 4.5 na ya alumini gramu 2.7, na ukakamavu wa asili wa metali hizi umepangwa karibu kwa uwiano huohuo: alumini ina kama theluthi moja ya ukakamavu wa chuma na theluthi moja ya uzito wake, nayo titani iko katikati kwa yote mawili. Kwa hesabu hiyo hakuna metali iliyopewa faida ya bure. Tofauti huzaliwa na umbo, kwa sababu bomba likiongezwa kipenyo mara mbili bila kuongezewa unene wa ukuta, uzito wake huwa mara mbili lakini ukakamavu wake dhidi ya kupinda huwa mara nane. Alumini, kwa kuwa ni nyepesi, inaruhusu mabomba mapana ambayo kuta zake bado ni nene kiasi cha kuhimili mapigo, na hapo ndipo inapokishinda chuma; chuma kikipanuliwa hivyo bila kuongeza uzito, ukuta wake huwa mwembamba hata ukabonyea kwa pigo dogo.

Watengenezaji hawakulielewa jambo hili mara moja. Fremu za alumini za Vitus kutoka Ufaransa, ambazo Sean Kelly wa Ireland alizitumia kupata ushindi mwingi katika miaka ya 1980, zilikuwa na mabomba membamba kama ya chuma yaliyounganishwa kwa gundi, na zilijulikana kwa kunepa chini ya miguu ya mwendeshaji mzito. Ni Mmarekani Gary Klein aliyeionyesha dunia, tangu miaka ya 1970, kwamba alumini inadai mabomba mapana, na baiskeli zote za alumini zinazouzwa leo zimefuata njia hiyo.

Chuma kinachotumika katika fremu nzuri si kile cha madirisha na mageti. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ambamo chuma huongezewa kiasi kidogo cha kromiamu na molibdenamu, au manganizi na molibdenamu kama ilivyokuwa katika mabomba ya Reynolds 531 yaliyotoka Birmingham, Uingereza, mwaka 1935 na kutawala mashindano kwa miongo kadhaa. Mabomba hayo yana ncha nene na kiwiliwili chembamba, mara nyingi unene wa milimeta 0.8 kwenye maungio na 0.5 katikati, ili nguvu iwe pale inapohitajika na uzito upunguzwe pengine. Fadhila kubwa ya chuma, na hapa inafaa kusema wazi kwamba mwandishi huiheshimu kuliko wepesi wowote, ni kwamba hutoa taarifa kabla ya kusaliti: hupinda au hupasuka polepole, na ufa wake huonekana kwenye rangi kabla bomba halijakatika. Tena hutengenezeka. Fundi mwenye mtungi wa gesi anayejua kulehemu kwa shaba, joto likiwa chini sana ya lile la kuyeyusha chuma chenyewe, anaweza kubadilisha bomba zima na kuirudisha fremu barabarani. Tahadhari inahitajika kwa mafundi wanaochomelea kwa umeme, kwani ukuta wa nusu milimeta hutoboka kabla fundi hajaondoa mkono.

Alumini haina huruma hiyo. Fremu ya aloi ya 6061, iliyo ya kawaida sokoni, hupitishwa kwenye tanuri kiwandani baada ya kuchomelewa ili metali irudishiwe uimara ulioharibiwa na joto. Anayeichomelea upya kando ya barabara huacha eneo dhaifu pembeni mwa kiungo, na kiungo hicho kikiwa karibu na usukani, hatari yake ni ya uhai. Aidha, alumini huchoka. Uchovu wa metali ni kule kupasuka kunakotokana na mzigo mdogo unaorudiwa mara mamilioni, na wakati chuma na titani vina kiwango cha mzigo ambacho chini yake havichoki kamwe, alumini haina kiwango hicho. Hili halina maana kwamba fremu za alumini ni za kuogopwa. Wahandisi huzitengeneza kwa ziada ya unene, na nyingi hudumu kuliko hamu ya wamiliki wake. Kwa mtu anayenunua baiskeli mpya kwa fedha zisizo nyingi, alumini yenye uma wa mbele wa kaboni na gia zinazomfaa ndiyo chaguo la busara kuliko yote.

Titani inaweza kuelezwa kwa ufupi kwa sababu wanaoimudu ni wachache: haishiki kutu, haichoki kirahisi, na kuichomelea kunahitaji gesi ya kuikinga isiguswe na hewa, kazi ambayo karakana nyingi haziwezi.

Kaboni ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa si metali. Ni nyuzi nyembamba mno zilizopangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu na kushikamanishwa kwa gundi ya epoksi, na kama ubao unavyohimili mzigo kufuata nyuzi zake na kupasuka kirahisi ukipigwa upande mwingine, ndivyo kila tabaka lilivyo imara kwa mwelekeo mmoja tu. Mhandisi hupanga mielekeo hiyo atakavyo, akikakamaza pale pedali zinaposukuma na kulegeza chini ya kiti, na uhuru huo hakuna bomba la metali linaloweza kuutoa. Greg LeMond alishinda Tour de France mwaka 1986 kwa fremu ya kaboni. Miguel Indurain alishinda kwa chuma mwaka 1994 na Marco Pantani kwa alumini mwaka 1998, na tangu hapo kaboni haijaachia nafasi. Lakini shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, liliweka mwaka 2000 kiwango cha chini cha kilo 6.8 kwa baiskeli ya mashindano, na kwa yule mwendeshaji wa mfano wetu, kupunguza kilo nzima kutoka kwenye kilo 80 humwokolea muda usiofika dakika moja katika mpando wa kilometa 10 unaomchukua zaidi ya saa. Dakika hiyo ina thamani kubwa kwa mshindani, na kwa wengine ni lazima ipimwe dhidi ya bei na dhidi ya udhaifu wa kaboni mbele ya pigo la pembeni na boliti iliyokazwa kupita kiasi. Mwenye kuinunua anunue pamoja nayo spana inayoonyesha nguvu ya kukazia.

Katika Afrika Mashariki baiskeli nyingi za mbio hufika zikiwa mtumba, na hapo uchunguzi wa macho na mikono hushinda jina lililoandikwa kwenye bomba. Fremu ya chuma iliyoishi pwani ichunguzwe ndani, kwa kuitoa nguzo ya kiti na kumulika tochi, kwa maana chumvi ya hewa hula bomba kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Nguzo ya kaboni iliyokaa miaka ndani ya fremu ya alumini bila grisi hung'ang'ania isitoke, kwa sababu alumini hulika inapogusana na kaboni penye unyevu wa chumvi. Fremu ya kaboni igongwegongwe kwa sarafu polepole kwenye kila bomba, na mahali ambapo sauti kali hubadilika kuwa butu pafutwe vizuri na kutazamwa kwa nuru ya jua, kwani huenda tabaka zimeachana chini ya rangi.

Baada ya fremu, mnunuzi wa mtumba ageukie krenki, sehemu ambayo wengi huipita bila kuitazama ingawa ndiyo inayoamua kama baiskeli ya zamani inaweza kupewa gia nyepesi. Katika baiskeli hizo sproketi za mbele mara nyingi hufungwa kwa boliti tano zilizopangwa kwa duara. Katika krenki nyingi za zamani za mashindano duara hilo lina kipenyo cha milimeta 130, ambacho hakikubali sproketi ndogo kuliko meno 38; katika krenki zilizokuja baadaye lina milimeta 110, ambacho hukubali meno 34. Kupima kipenyo chenyewe ni vigumu, lakini umbali kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya jirani yake hupimika kwa rula yoyote: milimeta 76 ni ishara ya aina ya kwanza, milimeta 65 ni ishara ya ile ya pili. Baiskeli yenye aina ya kwanza, ikiwa pia ina kibadilishi gia cha mkono mfupi ambacho katika miaka hiyo kwa kawaida kilikusudiwa sproketi isiyozidi meno 27 au 28, haitashuka chini ya takriban meta 2.9 kwa mzunguko wa pedali, na aliye na mlima njiani mwake aingize bei ya krenki nyingine, beringi zake, kibadilishi na kaseti katika mapatano kabla ya kutoa fedha.